Kuhifadhi mikanda ya muziki na majarida ya mkusanyaji binafsi

Kabati la mkusanyaji wa muziki hapa kwetu huwa na sura moja. Juu kuna mikanda ya VHS iliyorekodiwa kutoka kwenye runinga, katikati VCD na DVD zilizonunuliwa Kariakoo au River Road, pembeni mikanda ya harusi ambamo taarabu ilipigwa mpaka alfajiri, na chini kabisa, sakafuni, mafungu ya Sani, Drum, Femina na kurasa za burudani zilizokatwa magazetini na kufungwa kwa kamba ya katani. Siku mwenyewe akihama, akiugua au akifariki, familia humpa mtu wiki moja aje avichukue. Mwongozo huu ni wa mtu huyo, awe mfanyakazi wa hifadhi ya nyaraka, wa kituo cha utamaduni, au mjukuu mwenye kompyuta.

La kushika tangu mwanzo ni kwamba mikanda na majarida ni mali moja. Mikanda mingi haina maandishi ya maana. Utakuta lebo nzima imeandikwa "Mchanganyiko 4", basi. Majarida yana majina, tarehe na sura za wanamuziki, lakini hayana sauti. Ukitaka kujua bendi iliyo kwenye mkanda ni ipi na ya mwaka gani, mara nyingi jibu limo kwenye rundo la karatasi lililokuwa chini ya mkanda huohuo. Karatasi zikipelekwa maktaba na mikanda ikapelekwa studio, kila upande ukapewa namba zake, uhusiano huo umekufa na hakuna wa kuufufua.

La pili ni kwamba karatasi huvumilia, mkanda hauvumilii. Jarida lililotunzwa vibaya litakuwepo miaka 20 ijayo, limepauka na kingo zimekatika, ila linasomeka. Mkanda wa VHS wa mwaka 1988 huenda usichezeke, na hata ukichezeka, deki zimekwisha: Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016. Kwa hiyo fedha na saa za kwanza ziende kwenye mikanda, ila orodha iandikwe ya vyote kwa pamoja.

Humu tutaita "mkanda" kile kisanduku kizima, na "utepe" ule mwembamba unaozunguka ndani.

Siku ya kwanza: usiguse deki

Piga picha kila rafu kama ilivyo, kisha kila fungu likiwa mahali pake, kabla hujashusha kitu. Mpangilio wa mwenyewe ni habari: mikanda iliyokaa pamoja pengine ilirekodiwa mwaka mmoja, na jarida lililochomekwa kati ya mikanda miwili halikuingia hapo kwa bahati mbaya.

Kila kitu kipewe namba moja isiyobadilika: herufi mbili au tatu za jina la mkusanyo, aina, na tarakimu nne. Mfano KM-VHS-0001, KM-VCD-0001, KM-JAR-0001. Tarakimu ziwe nne hata kama una mikanda 60, la sivyo kompyuta itapanga 10 kabla ya 2. Namba ya jarida iandikwe kwa penseli laini ya 2B kwenye kipande cha karatasi kinachochomekwa ndani, si kwa kalamu ya wino juu ya jalada. Ya mkanda iandikwe kwenye ubavu wa kisanduku, ndani ya kile kibonde kilichotengenezwa kwa ajili ya lebo. Lebo ikizidi kibonde, joto la deki huibandua, nayo hubaki humo kwenye mitambo.

Orodha inahitaji safu chache tu: namba, aina, maandishi yote yaliyoandikwa juu yake (yanakiliwe herufi kwa herufi, hata yakiwa yamekosewa), mahali kilipokaa kabatini, hali yake, na maelezo ya mwenyewe. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ghali. Kama mwenyewe yuko hai, kaa naye na kinasa sauti, mkabidhi kitu kimoja kimoja mkononi, na umuulize: ulirekodi kutoka stesheni gani, deki ilikuwa ya nani, huyu mwenye gitaa ni nani, harusi ilikuwa mtaa gani. Dakika 2 kwa kila kimoja zinatosha. Vitu 300 ni saa 10, na mzee wa miaka 75 asikalishwe zaidi ya saa moja na nusu kwa mkao mmoja. Hakuna mashine itakayokupa habari hizi baadaye, kwa hiyo kazi hii isiahirishwe ili kusubiri vifaa.

Kabla ya kufungasha, vunja kile kijiplastiki cha kuruhusu kurekodi, kilicho kwenye kona ya kushoto ya ubavu wenye lebo. Kubonyeza kitufe kisicho chake kumefuta nyimbo nyingi kuliko kuvu.

Kuvu, mchwa na unyevu

Chungulia kila mkanda kupitia kidirisha chake ukiwa na tochi. Utepe wenye afya ni mweusi au wa kahawia iliyoiva, na ubapa wake umelala sawasawa kama gurudumu la gari. Ukiona unga mweupe, nyuzi kama za buibui au madoa ya kijivu kwenye kingo, hiyo ni kuvu. Mkanda huo uingie peke yake kwenye mfuko wa plastiki, ufungwe, na usikaribie deki. Deki moja ikilishwa mkanda wenye kuvu huisambaza kwa kila mkanda unaofuata, na vichwa vyake vya kusomea utepe huziba.

Kuvu huamka unyevu hewani ukizidi asilimia 65 hivi, na kwa watu wa Dar, Tanga, Unguja na Mombasa hiyo ni hali ya kawaida ya mwaka. Dawa ya kwanza ni kukausha. Tumia sanduku la plastiki la lita 50 lenye mfuniko unaobana, gramu 500 za silika (punje za kunyonya unyevu) iliyowekwa kwenye mifuko ya kitambaa, na kipima unyevu kidogo cha bei ya chini. Acha mpaka kipimo kikae chini ya asilimia 45 kwa wiki mbili. Silika ikilewa maji, ikaushwe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu. Nunua ile ya rangi ya machungwa. Ile ya buluu ina kobalti, ambayo si ya kushika ovyo.

Kuvu ikishakauka hugeuka unga, na hapo ndipo husafishwa: nje penye hewa, barakoa ya N95 usoni, glovu mkononi. Fungua skrubu tano za mgongo wa kisanduku kwa bisibisi ya nyota, piga picha ya ndani kabla ya kuinua chochote kwa sababu zile springi ndogo hurukaruka, kisha futa kingo za utepe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Spuli zihamishiwe kwenye kisanduku kingine kilicho safi. Visanduku hivyo utavipata kwenye mikanda mibovu ya filamu ambayo kila mtu anaigawa bure, kwa hiyo weka akiba ya 20. Utepe usishikwe kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi hukamata vumbi.

Upande wa karatasi adui ni mchwa, mende na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokimbia ukifungua jarida. Dawa ya kupuliza haifai, huacha mafuta kwenye kurasa. Funga majarida ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, na uyaweke kwenye friza ya nyuzi 18 au 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Yakitoka, yasifunguliwe kwa saa 24, mpaka ubaridi uishe, la sivyo umande utayalowesha. Friza ni ya karatasi peke yake. Mikanda isiingie humo, kwa kuwa baridi kali huharibu ulainisho wa utepe.

Neno moja kuhusu kiyoyozi: kukiwasha mchana na kukizima usiku ni kubaya kuliko kutokuwa nacho. Vitu vilivyopoa vikikutana na hewa ya usiku yenye unyevu hutoka jasho. Kama umeme au bajeti haviruhusu kiyoyozi kukaa siku zote, masanduku yaliyofungwa yenye silika, juu ya rafu iliyoinuliwa sentimita 15 kutoka sakafuni na mbali na ukuta wa nje, yatafanya kazi nzuri zaidi.

Deki

Tafuta deki mbili za aina moja, na ya tatu mbovu kwa ajili ya vipuri. Yenye tundu la S-Video ni bora, nazo kwa kawaida ni zile za S-VHS, yaani VHS ya ubora wa juu. Lakini sifa kubwa kwa mkusanyo wa Afrika Mashariki ni kusoma mifumo yote ya rangi ya runinga. Tanzania, Kenya, Uganda na Omani zilitumia PAL. Kongo na Burundi zilitumia SECAM, kwa hiyo mkanda uliorekodiwa runingani Kinshasa ukauvuka mpaka kuja Kigoma huonekana mweusi na mweupe kwenye deki ya PAL pekee. Watu wengi wameshaandika kwenye orodha zao "rangi imeharibika", kumbe rangi ipo. Mkanda uliotumwa na ndugu wa Marekani ni NTSC. Kwenye deki isiyoujua, picha hupanda na kushuka bila kutulia.

Deki isafishwe kabla ya kulishwa chochote, na kila baada ya mikanda 10, au mara moja tu chenga nyeupe zinapojaa pichani. Fungua mfuniko, umeme ukiwa umechomolewa. Lowesha kipande cha karatasi laini ya kunakilia, au ngozi laini ya kusafishia vichwa, kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Ibane kwa kidole kwenye lile pipa linalong'aa, uishike bila kuisogeza, na kwa mkono mwingine zungusha pipa taratibu kutoka juu. Usisugue juu-chini hata mara moja: vichwa ni vipande vidogo mno vya ferite vilivyochomoza ubavuni mwa pipa, navyo huvunjika. Pamba za kusafishia masikio nazo zikae mbali, nyuzi zake hunasa palepale. Roli la mpira lifutwe kwa maji na tone la sabuni, kwa sababu spiriti hulikausha likawa gumu, na roli gumu ndilo linalotafuna utepe. Subiri dakika 15 ndipo uwashe.

Mkanda wa kwanza kuuingiza uwe usio na thamani. Ukipita salama, mkanda wa mkusanyo upelekwe mbele mpaka mwisho, urudishwe mpaka mwanzo, ndipo uchezwe. Safari hiyo hulegeza utepe uliokaa umekazwa miaka 30. Ukisikia mlio wa kukwaruza au deki ikisita, usilazimishe.

Hitilafu utakazokutana nazo, na sababu zake:

Mstari mpana wa chenga unaopita pichani ni wa ufuatiliaji (tracking), yaani vichwa havifuati sawasawa njia ya picha kwenye utepe. Zungusha kitufe cha ufuatiliaji mpaka utulie, hasa kwa mikanda iliyorekodiwa kwa mwendo wa nusu ili mkanda wa E-180 ubebe saa 6 badala ya 3. Mikanda hiyo huwa na ukaidi, na husomeka vizuri kuliko kote kwenye deki ileile iliyoirekodi. Kama familia bado ina deki ya zamani iliyokufa, ichukue pia na umpe fundi.

Sehemu ya juu ya picha ikipinda kama bendera kwenye upepo, mistari ya picha inafika kwa muda usio sawa. Inahitaji kifaa cha kusawazisha muda, ambacho mafundi hukiita TBC (hakihusiani na shirika la utangazaji). Deki nyingine za S-VHS zinacho ndani. Ukikosa, pitisha mawimbi kwenye kirekodi cha DVD chenye uwezo huo kabla hayajaingia kwenye kompyuta.

Sauti ya ndani-ndani wakati picha ni nzuri: VHS huwa na njia mbili za sauti, moja iliyoandikwa ukingoni mwa utepe na nyingine ya hai-fai iliyo chini ya picha. Kingo huchakaa kwanza. Badilisha njia kwenye rimoti usikilize zote mbili, kisha unase iliyo bora. Hai-fai ikinguruma kwenye kila pigo la ngoma, ufuatiliaji haujakaa sawa.

Utepe uliokatika katikati usiunganishwe kwa selotepu. Gundi yake hutiririka kwenye joto na kung'oa vichwa. Njia salama ni kugawa mkanda: nusu ya kwanza kwenye kisanduku chake, nusu ya pili kwenye kingine, kila ncha ikiunganishwa na kile kipande cha utepe kinachopitisha mwanga, kwa tepu maalumu ya kuungia, upande usiogusa vichwa. Utapoteza sekunde moja ya picha na utaokoa deki.

Kunasa picha

Nakala kuu inaswe bila kupunguzwa chochote: pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde kwa PAL (720 kwa 480 na fremu 29.97 kwa NTSC), rangi 4:2:2, sauti ya kilohezi 48 isiyobanwa. Picha ya VHS hupigwa kwa mistari inayopishana, iachwe hivyohivyo. Ule mstari uliovurugika chini kabisa ya picha nao usikatwe, ndivyo VHS ilivyo.

Mfumo unaofaa ni FFV1 ndani ya faili la Matroska. Hubana bila kupoteza hata pikseli moja, ni huru kwa kila mtu, na hujikagua wenyewe faili likiharibika. Ukiwa na faili lisilobanwa kutoka kwenye kifaa chako, amri hii ya programu ya ffmpeg inatosha:

ffmpeg -i ghafi.avi -c:v ffv1 -level 3 -g 1 -slices 16 -slicecrc 1 -c:a copy KM-VHS-0001.mkv

Sasa hesabu, maana ndipo miradi inapokwama. Saa moja ya PAL isiyobanwa ya biti 10 ni karibu GB 93. Kwa FFV1 hushuka hadi GB 30 au 45 kulingana na wingi wa chenga. Mkanda mchafu hula nafasi zaidi, kwa kuwa kompyuta huhifadhi chenga kwa uaminifu uleule. Mikanda 150 yenye saa mbili kila mmoja, kwa wastani wa GB 40, ni TB 12. Nakala tatu ni TB 36. Na kwa kuwa mkanda hunaswa kwa mwendo wake wa kawaida, saa 300 za picha ni saa 300 za mtu kukaa hapo, pamoja na kusafisha na kurudia.

Kwa hiyo panga foleni bila huruma. Wa kwanza ni mikanda iliyorekodiwa na kamera: maonyesho, mazoezi ya bendi, harusi. Hiyo haiko kwingine duniani. Wa pili ni iliyorekodiwa kutoka runingani, kwa sababu vituo vingi vilirekodi juu ya mikanda yao wenyewe kwa kubana matumizi, na nakala ya nyumbani huenda ndiyo iliyobaki. Wa mwisho ni mikanda na VCD zilizouzwa madukani, ambazo mtu mwingine anazo.

Mkanda unaswe wote, tangu mwanzo hadi chenga za mwisho. Tangazo la sabuni lililo kati ya nyimbo mbili, kipande cha taarifa ya habari, sauti ya mtangazaji anayetaja jina la wimbo: hivyo ndivyo vitakavyokupa tarehe. Kukata wimbo mmoja mmoja kufanyike kwenye nakala ya kutazamia tu. Nakala hiyo iwe MP4 ya H.264, mistari ikiwa imetenganishwa kuwa fremu 50 kwa sekunde. Ukiiacha 25, miguu ya wachezaji wa sebene itaonekana ikirukaruka, na mtafiti wa dansi hatakusamehe.

Mikanda midogo ya MiniDV ni rahisi: picha yake tayari ni ya kidijitali. Ihamishe kwa waya wa FireWire kutoka kwenye kamera, karibu GB 13 kwa saa, bila kuibadilisha.

VCD na DVD

Video nyingi za Bongo Fleva, injili na taarabu ya kisasa za miaka ya 2000 zilitoka kwa VCD. Picha yake ni ndogo, pikseli 352 kwa 288, na hakuna njia ya kuikuza ikawa nzuri, hata watu wakikuuzia programu za ajabu. Faili za nyimbo zimo kwenye folda ya MPEGAV, zikiitwa AVSEQ01.DAT na kuendelea. Usiziburute tu kwenda kwenye kompyuta: VCD haina ulinzi dhidi ya makosa kama CD ya data, na diski yenye mikwaruzo itakugomea katikati. Tengeneza taswira ghafi ya diski nzima, yaani faili la BIN na la maelezo yake (TOC au CUE), kwa programu kama cdrdao, kisha utoe nyimbo humo. DVD za data na za video zinakiliwe kwa ddrescue, ambayo husoma sehemu nzima kwanza na kurudi kwenye makovu baadaye. Diski ikikataa kwenye kisomeo kimoja, jaribu cha kampuni nyingine kabla ya kukata tamaa.

DVD zilizochomwa nyumbani au studioni, zile zenye upande wa zambarau au buluu, hufa mapema kuliko zilizopigwa kiwandani, kwa kuwa rangi iliyobeba data huchujuka kwenye joto na mwanga. Zitangulie. Jalada la karatasi liskaniwe pande zote, pamoja na stempu ya kodi ikiwepo.

Majarida

Kwanza toa pini za stepla zilizoota kutu. Usizing'oe kwa kucha wala kisu. Chomeka kipande cha plastiki nyembamba kati ya pini na karatasi, nyanyua miguu ya pini kwa kibapa chembamba, kisha ivute kutoka upande wa jalada. Kurasa zibaki kwa mpangilio wake, na kama kuna haja ya kuzishika, uzi wa pamba unatosha. Selotepu ya zamani iache kama ilivyo. Ukiivuta huondoka na wino. Na usilaminishe kitu chochote, hata kama duka la jirani linafanya kwa bei ya chini: kulaminisha ni kuzika ukurasa ndani ya plastiki ya moto isiyotoka tena.

Majarida ya karatasi ya kung'aa yaliyolowa ni dharura ya saa. Yakikauka yakiwa yamefungwa, kurasa hushikana kama tofali, na hakuna wa kuziachanisha. Chomeka karatasi ya kuokea keki kati ya kila kurasa yakiwa bado mabichi. Yakiwa mengi, yatie friza yalivyo, na uyashughulikie moja moja baadaye.

Kuskani: ppi 400 (pikseli 400 kwa kila inchi), rangi ya biti 24, faili la TIFF lisilobanwa. Ukurasa wa A4 utakuwa karibu MB 46, na jarida la kurasa 48 karibu GB 2.2. Ppi 300 inatosha kwa maandishi matupu ya gazeti. Weka karatasi nyeusi nyuma ya kila ukurasa. Bila hiyo, maandishi ya upande wa pili huonekana. Skani kila kitu, pamoja na jalada la nyuma, matangazo, barua za wasomaji na safu za kutafuta marafiki wa kalamu. Kurasa zilizokatwa na mwenyewe ziorodheshwe kuwa hazipo, kisha uzitafute kwenye mafungu ya vipande. Mara nyingi bango lililotoka katikati ya jarida liko kwenye ukuta wa chumba hichohicho. Picha za magazeti zitaonyesha vidoadoa na mawimbi ukiziangalia kwa ukubwa mdogo. Hayo yasifutwe kwenye nakala kuu.

Programu ya Tesseract, inayogeuza picha ya ukurasa kuwa maandishi, ina moduli ya Kiswahili, na kwa chapa safi husoma vizuri. Lugha ya mitaani na majina ya wanamuziki huyakosea, kwa hiyo orodha ya majina isahihishwe kwa mkono.

Kuhifadhi, funika kila jarida kwa folda isiyo na asidi. Ikikosekana, karatasi nyeupe ya kawaida ya fotokopi, ambayo siku hizi nyingi hutengenezwa kwa chokaa badala ya asidi, ni mbadala unaostahili. Plastiki ikitumika iwe ya poliesta au polipropilini. Ile laini yenye harufu ya pazia jipya la bafuni ni PVC, nayo hunyonya wino.

Kukisia mwaka

Hapa ndipo mikanda na majarida hukutana. Anza na nembo iliyo pembeni mwa picha. ITV ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1994, kwa hiyo mkanda wenye nembo hiyo hauwezi kuwa wa kabla ya hapo. TVT iligeuka kuwa TBC mwaka 2007. Kenya, Voice of Kenya ikawa KBC mwaka 1989, na KTN ikaingia hewani 1990. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na nembo ya TVZ ilidumu mpaka ZBC ilipoundwa mwaka 2013, kwa hiyo yenyewe peke yake haikusaidii sana.

Kisha namba za simu. Tangazo la jarida, au kibandiko cha mpiga video za harusi, chenye namba ya Tanzania inayoanza na 0741, 0744, 0747 au 0748 ni la kabla ya mabadiliko ya katikati ya miaka ya 2000, ambapo 0741 iligeuka 0713, 0744 ikawa 0754, 0747 ikawa 0777 na 0748 ikawa 0784. Kwa kuwa Vodacom ilianza Tanzania mwaka 2000, 0744 inakuweka ndani ya miaka michache tu. VCD au DVD ya Tanzania yenye stempu ya kodi ya TRA iliuzwa kuanzia mwaka 2013. Stempu hizo hazikuwepo kabla. Tarehe ya kukisia iandikwe kama makisio pamoja na sababu yake: "kati ya 2000 na 2006, namba ya simu kwenye lebo". Atakayekuja baadaye aweze kukubishia.

Nakala na ukaguzi

Nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa mji mwingine. Diski ngumu mbili za kampuni moja zilizonunuliwa siku moja huweza kufa wiki moja, kwa hiyo changanya. Kila faili litengenezewe alama ya SHA-256 (mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika faili likibadilika hata kidogo) siku lilipozaliwa, na alama hizo zihakikiwe kila baada ya miezi sita. Diski zisizotumika ziwashwe angalau mara moja kwa mwaka, na zibadilishwe zikitimiza miaka mitano, hata kama bado zinaimba.

Mikanda yenyewe isitupwe baada ya kunaswa. Irudishwe mpaka mwanzo, isimame wima kama vitabu, mbali na spika na mota kwa mita moja.

Hati na ruhusa

Mkabidhi na mpokeaji wasaini karatasi moja inayosema: orodha ni hii, zimetolewa moja kwa moja au zimewekwa amana, jina la mkusanyo litakuwa hili, familia itapata nakala ngapi, na nani ataruhusiwa kutazama. Jina la mkusanyaji libaki. Kwenye jengo la Nyaraka za Taifa za Kenya, Moi Avenue, Nairobi, mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais, bado unaitwa kwa jina lake, na ndivyo mtafiti anavyojua vitu vile vilikusanywa na jicho la nani.

Mwenye mkanda si mwenye wimbo. Mkusanyaji anaweza kutoa plastiki na karatasi zake; haki ya kuonyesha hadharani au kupandisha intaneti iko kwa watunzi, wapigaji na watayarishaji, kwa kawaida kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada yake. Maswali hayo hupelekwa kwenye ofisi za hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar na KECOBO kwa Kenya. Kutazamia ndani ya chumba cha hifadhi hakuna ugomvi mkubwa. Kuweka YouTube ni jambo jingine.

Halafu kuna mikanda isiyohusu sheria za hakimiliki kabisa. Harusi za pwani zina sehemu ya wanawake pekee: singo, kupamba, taarabu ya ukumbini ambako waliokuwamo wamevua mabuibui kwa kujua kwamba hakuna mwanamume anayewaona. Mpiga kamera alikuwa mwanamke na mkanda ulitunzwa na mwanamke. Muziki uliomo humo huenda ndio bora kuliko wote kabatini. Mkanda kama huo unaswe na mwanamke, uorodheshwe kwa namba na maelezo ya muziki bila majina ya wageni, na uwekewe sharti la kutazamwa na wanawake tu au kufungwa mpaka familia iseme vinginevyo. Sauti peke yake inaweza kutolewa na kusikilizwa na wote, kama bibi harusi au bintiye ameafiki. Aulizwe kwanza, na apewe nakala yake kabla ya hifadhi.